Kibaba cha Tele: Juu ya Kuyasifu Mambo ya Kale

Kila kizazi kina wazee wasemao kwamba siku zao zilikuwa bora kuliko hizi. Fedha yao ilikuwa na uzito mkononi, kipimo chao kilijaa mpaka kikamwagika, na mwalimu wao hakumwonea haya mtoto mvivu. Vijana husikiliza maneno haya kwa adabu, kisha huyacheka wakiwa peke yao. Pande zote mbili zina haki kidogo na kosa kidogo, na mtu anayetaka kusoma vitabu kwa akili hana budi ajue kupambanua haki hiyo na kosa hilo.

Katika insha hii nataka tuitazame hamu ya mambo ya kale kama ilivyoandikwa katika vitabu vya Waingereza. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja watu hao walibadili fedha yao, vipimo vyao na mpango wa shule zao, na mpaka leo wako miongoni mwao wanaovililia vitu hivyo vitatu kama mtu anayemlilia ndugu aliyefariki. Waandishi wao wameliandika jambo hili kwa mapana, na vitabu vyao vimo katika maktaba za shule zetu. Tena, sehemu ya vitu hivyo ilivuka bahari ikaja kwetu, kwa hiyo twaweza kuvijadili pasipo kuwa watazamaji wa mbali tu. Neno langu ni hili: kumbukumbu ni shahidi mwema wa kile alichokipenda mtu, lakini ni hakimu mbaya wa yale aliyotendewa mwenzake.

Tuanze na fedha. Mpaka tarehe 15 Februari 1971 paundi ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Hivyo paundi moja ilikuwa na peni 240. Palikuwa na sarafu nyingine zenye majina yao: fathingi, iliyokuwa robo ya peni, nayo iliacha kutumika mwisho wa mwaka wa 1960, florini ya shilingi 2, na nusu krauni ya shilingi 2 na peni 6. Palikuwa pia na gini, yaani shilingi 21. Sarafu yake ilikoma kufuliwa mwaka wa 1814, lakini watu wa heshima waliendelea kutaja ujira wao kwa gini kwa zaidi ya miaka 100 baadaye, ingawa mkononi hawakupokea gini hata moja.

Mtoto aliyeulizwa bei ya vitabu 5, kila kimoja shilingi 3 na peni 7, ilimpasa kuzidisha peni, kuzigeuza ziwe shilingi, kuweka kando peni zilizosalia, kisha kuzidisha shilingi na kuongeza zile zilizotoka katika peni. Jibu ni shilingi 17 na peni 11. Mwanafunzi wa Kenya hakuyaona mashaka hayo katika fedha ya nchi yake, kwa kuwa shilingi ya Afrika ya Mashariki, tangu ilipoanza mwaka wa 1921, iligawanywa kwa senti 100. Shilingi yetu ilichukua jina kwa Waingereza, lakini iliipata hesabu nyepesi miaka 50 kabla yao.

Wanaoitamani fedha ile ya kale hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba 240 ni namba yenye baraka, maana hugawanyika kwa 3, kwa 6, kwa 8 na kwa 12 bila kubakisha kitu. Watu watatu wakigawana paundi ya kale, kila mmoja hupata shilingi 6 na peni 8, na hapana ugomvi. Wakigawana paundi ya leo yenye peni 100, peni moja hubaki ikimtafuta mwenyewe. Hoja ya pili ni kwamba hesabu zile ngumu zilinoa akili za watoto. Ya tatu ni kwamba kila sarafu ilikuwa na jina, umbo na historia yake, na watu waliizoea kama wanavyozoea sura ya jirani.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, na mtu mwenye insafu ataikubali. Ya tatu ni ya kweli pia, ila ni ya moyo, nayo yastahili heshima ipewayo mambo ya moyo. Ya pili ndiyo yenye udhaifu. Jiwe hunoa kisu, lakini kisu ambacho siku zote kiko juu ya jiwe hakikati nyama. Miezi ambayo mtoto aliitumia kugeuza peni kuwa shilingi angaliweza kuitumia kujifunza elimu nyingine yenye kunoa akili vilevile, na yenye faida zaidi.

Hata hivyo, hoja hizi ni za watu waliokwisha kuachana na fedha ile. Ukitaka kujua ilivyokuwa kwa walioishi nayo, msome Charles Dickens. Katika David Copperfield, riwaya iliyotoka miaka ya 1849 na 1850, yumo Bwana Micawber, mtu mkarimu, mwingi wa maneno, asiyeacha kukopa. Yeye humpa kijana David shauri moja la thamani: mtu mwenye pato la paundi 20 kwa mwaka, akitumia pungufu ya hizo kwa peni 6 tu, ana furaha, akizidisha kwa peni 6 tu, ameangamia. Msomaji wa leo hucheka akapita. Afadhali asimame hapo kidogo. Peni 6 ilikuwa sarafu moja ndogo, sehemu moja katika sehemu 40 za paundi, na mwandishi ameifanya iwe mpaka baina ya nyumba na gereza. Micawber mwenyewe hufungwa kwa ajili ya deni. Baba yake Dickens alifungwa hivyo mwaka wa 1824, na Dickens, akiwa mtoto wa miaka 12, alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kwa shilingi 6 au 7 kwa wiki. Mtu aliyepita huko haandiki habari za shilingi kwa hamu. Anaihesabu kwa sababu amewahi kuikosa.

Katika A Christmas Carol, hadithi ya mwaka wa 1843, karani Bob Cratchit hupata shilingi 15 kwa wiki, naye ana mke na watoto sita wa kulisha. Dickens huchezea jina la karani huyo, maana katika lugha ya mitaani Waingereza waliiita shilingi bob. Tangu shilingi yao ilipoondoka, mzaha huo umepoteza makali kwao. Kijana wa Nairobi huuelewa mara moja, kwa kuwa sokoni na ndani ya matatu shilingi yetu ingali yaitwa bob. Lakini kuelewa mzaha si kuelewa yote. Mzaha wenyewe umefunika uchungu: karani huyu anaitwa kwa jina la fedha, na fedha ndiyo aliyopungukiwa. Hapo ndipo Dickens anapotupa swali la kwanza la kuwauliza wanaosifu fedha ya kale. Wao husema sarafu ilikuwa nzuri. Sisi tuulize, ilikuwa mfukoni mwa nani?

Vipimo vya kale vya Waingereza vilikuwa na mchanganyiko kupita fedha yao. Inchi 12 zilifanya futi, futi 3 zilifanya yadi, na yadi 1,760 zilifanya maili. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili 14 zilifanya stoni, na uzani ambao jina lake lina maana ya mia ulikuwa na ratili 112. Mwaka wa 1965 serikali yao ilitangaza nia ya kuhamia mita, kilo na lita, lakini safari hiyo haijakwisha. Mpaka leo barabara zao hupimwa kwa maili, na bia ya pipani huuzwa kwa painti.

Painti hiyo ndiyo iliyopata mtetezi mashuhuri kuliko vipimo vyote, naye ni mzee mmoja asiye na jina katika Nineteen Eighty-Four, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka wa 1949. Habari ni ya nchi ya kubuniwa, inayotawaliwa na chama kimoja ambacho kila siku hubadili maandishi ya zamani ili yapatane na maneno yake ya leo. Winston Smith, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kubadili magazeti, aingia katika baa ya watu maskini. Amkuta mzee akibishana na kijana muuzaji. Mzee ataka painti ya bia. Kijana asema hajapata kusikia kitu kiitwacho painti, na kwamba pale huuzwa lita na nusu lita tu. Mzee anung'unika: nusu lita haimtoshi, na lita nzima humzidi kiasi cha kumsumbua usiku.

Winston amnunulia bia, kisha amwuliza neno zito: je, zamani, kabla ya chama kutawala, maisha yalikuwa bora au mabaya zaidi? Mzee hana jibu. Akumbuka kofia ndefu za matajiri, akumbuka mtu mmoja aliyemsukuma njiani, akumbuka vijambo kama hivyo. Winston aondoka amevunjika moyo, akiona kwamba kumbukumbu ya mzee ni kama jaa la takataka ambalo ndani yake hapana kitu kizima.

Wasomaji wengi huridhika na hukumu ya Winston. Mimi naona kwamba Orwell ameweka mbele yetu zaidi ya anayoyaona Winston. Painti moja ni mililita 568. Nusu lita ni mililita 500. Kwa hiyo mzee hasemi upuzi: kila anapokunywa hupunjwa karibu sehemu moja katika nane ya kile alichozoea, na yeye peke yake katika baa ile ndiye anayejua. Sasa kumbuka mahali pengine katika riwaya hiyohiyo. Chama chapunguza posho ya chokoleti kutoka gramu 30 hadi gramu 20. Siku ya pili yake yatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru kiongozi kwa kuipandisha posho mpaka gramu 20, na watu wapokea habari hiyo kwa furaha. Hawana kipimo cha jana cha kupimia leo. Mzee wa painti anacho. Hamu yake ya mambo ya kale, hata ikiwa ni ya ulevi na manung'uniko, ni aina ya ukweli ambao chama hakijaweza kuufuta.

Walakini Orwell ni mwandishi mwenye haki, hakumfanya mzee kuwa nabii. Kipimo cha mzee ni cha kweli, lakini hupima bia tu. Akitakiwa kupima maisha ya watu wote, hana chombo. Na hapa pana onyo kwa kila mtu asifuye ya kale: ukiwa na hakika ya jambo moja dogo, usidhani umepata hukumu ya zama nzima. Orwell mwenyewe alijua jinsi hamu inavyoweza kujenga nyumba isiyokuwapo. Mwaka wa 1946 aliandika makala juu ya baa aipendayo, akazitaja sifa zake moja baada ya moja, samani, vikombe na ukarimu wa wahudumu, kisha akamwambia msomaji kwamba baa hiyo haipo popote. Wangapi husifu siku za kale namna hiyo, pasipo kufika kwenye sentensi ile ya mwisho!

Katika maisha ya kweli pia, sauti ya hamu si lazima iwe sauti ya wengi. Mwaka wa 2022 serikali ya Uingereza iliwauliza watu kama wangependa wafanyabiashara wapate uhuru zaidi wa kuuza kwa vipimo vya kale. Yalifika majibu zaidi ya 100,000, na asilimia 98.7 yalipendelea kilo na lita ziendelee kutangulia. Mwaka wa 2023 serikali ikaamua kuiacha sheria ilivyo. Mtu aweza kuipenda ratili kwa ulimi, na bado akataka mizani ya dukani iwe ile anayoifahamu mwanawe.

Tumebakiwa na shule, na hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa sarafu haisikii maumivu, na painti haina kumbukumbu, bali mtoto anavyo vyote viwili.

Kitabu kilichowafanya watu wengi waipende shule ya Kiingereza ya kale ni Goodbye, Mr. Chips cha James Hilton, kilichotoka mwaka wa 1934. Ni kitabu kidogo, chepesi kusomwa, nacho huwatoa watu machozi. Habari yake ni ya mwalimu wa Kilatini aitwaye Chipping, aliyefika katika shule ya bweni ya Brookfield mwaka wa 1870 na kukaa huko mpaka uzeeni. Mwalimu mkuu mpya ataka kumwondoa kwa kuwa joho lake limechakaa na matamshi yake ya Kilatini ni ya kizamani. Wanafunzi na wazazi wamtetea, naye abaki. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 huwasomea wanafunzi majina ya wenzao wa zamani waliouawa. Siku moja alitaja pia jina la Mjerumani aliyewahi kufundisha pale, aliyekufa akipigana upande wa adui. Wengine walishangaa, lakini yeye hakuona kwamba vita vimefuta ujirani. Kwa ukurasa huo peke yake kitabu hiki kinastahili kusomwa. Kinatuonyesha kwamba katika adabu za kale mlikuwa na utu ambao ni hasara kuupoteza.

Lakini tukisome kwa macho mawili. Hilton amesimulia yote kutoka kwenye kiti cha mwalimu. Wanafunzi hupita mbele yetu kwa maelfu, na wengi wao ni majina na vichekesho tu. Ni nadra tusikie mtoto aliyelala akilia. Tena, ukichunguza, kitabu chenyewe hakiungi mkono sifa ambazo wapenda ya kale hukipa. Chips hakuwa mwalimu wa kupendwa tangu mwanzo. Kilichomgeuza ni ndoa yake na Katherine, msichana wa mawazo mapya, aliyeamini kwamba wanawake wapewe kura na nafasi katika vyuo vikuu. Ni yeye aliyemshawishi kuwaalika vijana maskini wa London ya mashariki waje kucheza mpira na wana wa matajiri wa Brookfield. Jambo jipya lililoletwa na mwanamke kijana ndilo lililozaa mzee apendwaye. Wanaokitumia kitabu hiki kukataa mabadiliko hawajakisoma mpaka ndani.

Shahidi wa upande wa pili ni Orwell tena. Alipelekwa katika shule ya bweni huko Eastbourne mwaka wa 1911 akiwa na umri wa miaka 8, akakaa mpaka mwaka wa 1916. Insha yake juu ya miaka hiyo, Such, Such Were the Joys, ilichapishwa mwaka wa 1952, miaka miwili baada ya kifo chake. Jina lake lina kejeli, kwa kuwa limetoka katika shairi la William Blake lisifulo michezo ya watoto. Anaeleza jinsi alivyochapwa kwa kosa la kukojoa kitandani, jambo asiloweza kulizuia, mpaka akaamini kwamba mtu aweza kuwa mwovu pasipo kutaka. Anaeleza jinsi alivyokumbushwa kwamba ada yake imepunguzwa kwa sababu ya uchache wa mali ya wazazi wake, ili aone haya na afaulu mtihani. Anaeleza historia iliyofundishwa kama orodha ya tarehe za kukariri, bila ya kuuliza sababu.

Je, tumwamini? Cyril Connolly, aliyesoma naye shule hiyohiyo, alikwisha kuandika habari zake mwaka wa 1938 katika Enemies of Promise, na kumbukumbu yake ni pole zaidi. Mashahidi wawili wa nyumba moja hawakupatana. Jambo hili lisitufanye tuseme kwamba mmoja ni mwongo. Litufanye tuone kwamba shule moja huwa ni shule nyingi, kwa kadiri ya watoto waliomo. Tena Orwell atupa sababu ya kumwamini: hakuficha mema. Atutajia vipepeo aliowakamata na bahari aliyooga wakati wa kiangazi, naye akiri kwamba macho ya mtoto hukuza mambo. Shahidi anayetaja jema la adui yake husikilizwa mahakamani.

Wahenga walisema kwamba mavi ya kale hayanuki. Walisema hivyo ili watu wasameheane, na ni hekima. Lakini mwandishi wa historia ya shule hana ruhusa ya kuitumia methali hiyo. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka wa 1944, watoto wa Uingereza walitenganishwa kwa mtihani wa umri wa miaka 11. Sehemu ndogo, kama robo hivi, walikwenda shule za masomo ya juu. Waliosalia waliambiwa kwa vitendo, kama si kwa maneno, kwamba hawakustahili. Kuanzia mwaka wa 1965 serikali ilizihimiza halmashauri ziuache mpango huo, ingawa katika sehemu chache, kama Kent, ungali upo. Fimbo iliondolewa katika shule za serikali mwaka wa 1987. Leo wanaosifu shule zile aghalabu ni waliofaulu. Wana haki ya kusifu, maana walifaidiwa. Lakini aliyeshindwa akiwa na miaka 11 hakualikwa kuandika kitabu cha sifa.

Haya yatuhusu sisi pia. Kwetu wako wasemao kwamba elimu ya zama za ukoloni ilikuwa imara, Kiingereza chake kilikuwa safi, na fimbo yake ilizaa watu. Husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli kwamba shule kama Alliance, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, zilitoa viongozi wengi wa nchi. Lakini shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache mno, na kwa kila mmoja aliyepita mlangoni walibaki wengi nje. Anayesimulia ni yule aliyeingia. Kenya iliondoa fimbo shuleni mwaka wa 2001, na mjadala haujaisha. Basi anayetaka kuurudisha wakati ule na alete ushahidi wa darasa zima, pamoja na wale waliotoroka.

Na vipimo vyetu wenyewe je? Watoto wetu husema kila siku kwamba haba na haba hujaza kibaba, na wengi wao hawajapata kukiona kibaba. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba. Vibaba 4 vilifanya pishi. Na bidhaa za uzito mkubwa zilipimwa kwa frasila, yenye ratili kama 35. Kilo imevifukuza vyote sokoni, lakini methali imekiweka kibaba hai. Hiyo ni kazi njema ya kumbukumbu: kuhifadhi hekima hata chombo kikivunjika. Lakini wazee hao hao walitufundisha kwamba vibaba vilikuwa vya namna mbili. Palikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikawa na kichuguu juu, na palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kikawa sawa na ukingo. Mnunuzi mwenye akili aliuliza kwanza ni kipi, ndipo akatoa fedha.

Kosa la msifu wa kale ni hili, kwamba hupima siku zake kwa kibaba cha tele, na siku za wengine kwa kibaba cha mfuto. Kosa la kijana amdhihakiye mzee ni kinyume chake. Orwell alitutangulia katika njia iliyo bora: mtu yuleyule aliyeona thamani katika painti ya mzee hakuitamani fimbo ya mwalimu. Hakukubali ya kale yote, wala hakuyakataa yote. Aliyachukua moja moja, akauliza kila moja lilimfaa nani na lilimwumiza nani.

Wewe mwanafunzi, ukutanapo na kitabu, hotuba au mzee asifuye siku zilizopita, usikatae kusikiliza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huenda kitu kinachosifiwa ni cha kweli, na huenda kumbukumbu yake ndiyo itakayokulinda siku utakapouziwa nusu lita kwa bei ya painti. Lakini uliza msemaji alikuwa amekaa wapi, kwenye kiti cha mwalimu au kwenye benchi la nyuma. Uliza ni nani hakusalia kusimulia. Kisha zipime siku za kale na siku hizi kwa kibaba kimoja, nacho kiwe cha mfuto.